Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Somo la Kujumlisha kwa Tarakilishi

Wengi wetu hudhani kwamba tarakilishi haiwezi kukosea hesabu. Lakini jamani, mashine hii hutii amri ilivyo, hata amri yenyewe ikiwa na kasoro. Hebu tutazame mfano mmoja kutoka lugha ya C++.

Lugha hii ilibuniwa na Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1979 huko Bell Labs, Marekani. Ilipopata kanuni rasmi za kimataifa mwaka 1998, maktaba yake sanifu ilikuwa na mbinu nne za kukokotoa namba, zilizotokana na kazi ya Alexander Stepanov na Meng Lee. Nazo ni hizi:

1. accumulate: hujumlisha orodha nzima.
2. inner_product: huzidisha namba za orodha mbili jozi kwa jozi, kisha hujumlisha.
3. partial_sum: hutoa jumla ya kila hatua.
4. adjacent_difference: hutoa tofauti baina ya namba na ile iliyoitangulia.

Uzuri wa mbinu hizi ni kwamba hazibagui. Ileile accumulate hujumlisha namba nzima, hujumlisha desimali, na hata huunganisha maneno. Je, itajuaje jumla iwe ya aina gani? Unapoiita, unaipa vitu vitatu: mwanzo wa orodha, mwisho wake, na thamani ya kuanzia. Basi thamani hiyo ya kuanzia ndiyo inayoamua, wala si orodha!

Tuseme mkulima amepeleka maziwa lita 2.5 Jumatatu, 3.5 Jumanne na 4.5 Jumatano. Sote twajua jumla ni 10.5. Sasa mwandishi wa programu aanze na 0, ambayo ni namba nzima:

0 + 2.5 = 2.5, inabaki 2.
2 + 3.5 = 5.5, inabaki 5.
5 + 4.5 = 9.5, inabaki 9.

Umeona? Desimali hukatwa kila hatua, si mwishoni tu. Lita moja na nusu imepotea, na programu inaendelea kama kwamba hakuna kitu. Dawa yake ni ndogo mno: anza na 0.0 badala ya 0, nawe utapata 10.5. Tahadhari hiyohiyo inahusu inner_product, kwani nayo hupewa thamani ya kuanzia.

Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Lakini mama akipeleka lita 0.75 kwa siku nne, na hesabu ianze na 0, atalipwa lita ngapi? Jaribu kwa kalamu. Alistahili lita 3, lakini jibu la mashine ni sifuri!

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, kagua chombo kwanza, ndipo umimine.