Kumbukumbu si hifadhi

Huko Opala nilirekodi kwa simu hadithi ya mama mmoja mzee, kwa Kimbole. Kadi ya simu ilikuwa na nafasi tele. Hata hivyo programu ya kurekodi ilijifunga yenyewe na hadithi ikapotea kabla haijahifadhiwa. Aliyeniuzia simu alikuwa amesema «mémoire ni kubwa». Lakini mémoire ipi?

Simu za Android huendeshwa na kiini cha Linux. Kiini hicho hugawa RAM katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096 kila moja. Programu ikiomba nafasi, kiini hukata fungu kubwa nusu kwa nusu mpaka lipatikane linalotosha. Fungu likirudishwa, huunganishwa na nusu mwenzake ikiwa nayo haitumiki. Kurasa zikikaribia kwisha, mfumo huchagua programu na kuisimamisha ili nyingine ziendelee. Hapo kadi tupu haisaidii, kwa sababu kazi yake ni kutunza faili.

Kifaransa husema mémoire kwa vyote viwili, nasi tumekifuata kwa neno «kumbukumbu». Napendekeza tuseme kumbukumbu kwa RAM, na hifadhi kwa kadi. Nanyi mnaokwenda kukusanya hadithi, fungeni kwanza programu nyingine, kisha rekodini kwa vipande vifupi, na kila kipande kihifadhiwe kabla ya kuanza kingine.

Kesho yake mama yule alinisimulia tena. Wimbo wa katikati hakuurudia.