Makaa Yatoayo Stimu

Katika mkutano uliopita mwanachama mwenzetu mmoja alituuliza: je, kweli makaa yaweza kutoa stimu bila ya kuwashwa? Alikwisha ambiwa na mgeni akate mikarafuu yake mikongwe, achome makaa na kuyaweka, maana chombo cha kuyageuza stimu kiko njiani. Maneno haya yamekwisha enea mashambani, nasi twaona ni wajibu wetu kuyaeleza.

Makaa kutoa stimu ni kweli. Chombo chake huitwa seli ya fueli. Chafanana na betri, ila hiki hulishwa kama jiko. Ndani mna chumvi iliyoyeyushwa kwa joto kali, aghalabu digrii 600 na zaidi. Upande mmoja hutiwa makaa, upande wa pili hupelekewa hewa. Makaa huungana na oksijeni kwa kupitia ile chumvi, pasi na ndimi za moto, na nguvu ambayo ingetoka kuwa joto hutoka kuwa stimu. Mitambo ya mvuke hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya makaa. Seli hii, kwa hesabu, yaweza kugeuza karibu yote, ingawa kwa vitendo hupungua.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1896 Mmarekani William Jacques alipata hati ya uvumbuzi wake: chungu cha chuma chenye kostiki soda iliyoyeyuka, ile ile ya kupikia sabuni. Stimu ilitoka, lakini kostiki ikanywa hewa ya ukaa itokayo kwenye makaa, ikageuka magadi. (Wapika sabuni wetu waachao mkebe wazi walijua hayo zamani.) Waliomfuata wakatumia chumvi za jamii ya magadi yenyewe. Ikabaki taabu ya majivu, ambayo hujikusanya ndani ya chumvi na kuiharibu.

Basi kwa kazi hiyo vifuu vya nazi ni bora, kwani majivu yake ni machache mno. Makonyo yana majivu mengi zaidi, tena yana soko lake la mafuta. Mkarafuu je? Mche hungojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa.

Seli za makaa bado zimo mikononi mwa watafiti. Ya kumuuzia mkulima hatujaiona. Aombwaye arubuni asitoe, atuletee habari. Vifuu na vichomwe makaa ya jikoni.

Mwanachama yule, alhamdulillahi, alikuwa amekata miwili tu, nayo ilikwisha kufa.