Dripu ya Mtoto Mchanga: Ukaguzi Kabla ya Tone la Kwanza

Mkazi wa Iguhu akijifungua kabla ya wakati, huenda akamkuta mwanawe amewekewa dripu kabla hajanyonya, iwe ni katika hospitali ya hapa Ikolomani au baada ya kupewa rufaa hadi Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kakamega. Wengi huiita "maji". Kwa mtoto huyo, dripu hiyo ni chakula, na pia ni dawa.

Chakula cha mdomoni hupitia tumboni, ambako asidi huua baadhi ya viini. Kinachopitia mshipani huingia kwenye damu moja kwa moja. Ndiyo maana dripu hukaguliwa kwa hatua kadhaa.

1. Hesabu

Lishe rahisi zaidi ya mshipani ni maji ya glukosi ya asilimia 10. Yasipopatikana yakiwa tayari, huchanganywa hospitalini: mililita 2 za glukosi ya asilimia 50 na mililita 8 za maji safi ya sindano. Kila mililita ya asilimia 50 ina nusu gramu ya sukari, kwa hivyo mililita 2 zina gramu 1. Gramu 1 katika mililita 10 ni asilimia 10. Anayechanganya akivuta mililita 4 za glukosi na 6 za maji, mtoto atapata sukari mara mbili. Sukari ikizidi, mtoto hupoteza maji mwilini; ikipungua mno, ubongo unaweza kuumia. Kwa sababu hiyo, mhudumu wa pili hurudia hesabu mwenyewe bila kunakili ya mwenzake.

2. Usafi

Lishe kamili, yenye protini, mafuta, chumvi na vitamini, huchanganywa na wafamasia ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa. Sukari na protini hizo hulisha bakteria pia. Mwaka 2014 nchini Uingereza, watoto wachanga katika hospitali kadhaa waliambukizwa bakteria kupitia lishe ya mshipani iliyotoka kwa mtayarishaji mmoja, na baadhi yao walifariki.

3. Mpangilio wa kuchanganya

Kalsiamu na fosfeti zikikutana kwa wingi hugeuka chembe ngumu zinazoweza kuziba mishipa ya mapafu. Mwaka 1994, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu chembe hizo baada ya wagonjwa wawili kufariki. Mafuta katika mchanganyiko ni meupe kama maziwa, kwa hivyo huficha chembe hizo. Mfamasia hawezi kutegemea macho pekee. Lazima afuate kipimo na utaratibu wa nini kitangulie.

4. Lebo

Lebo huonyesha jina la mtoto, kilichomo, kiasi, kasi ya kudondoka, na tarehe na saa ya kutayarishwa na ya kuisha. Mfuko usio na lebo hautumiki.

Mzazi afanye nini?

• Uliza dripu ina nini, na uhakikishe jina kwenye lebo ni la mwanao.
• Usiguse kidhibiti cha kasi, hata dripu ikionekana kwenda polepole.
• Mwite muuguzi mara moja ukiona mfuko unavuja, maji ya glukosi yana ukungu au chembe, au mkono wa mtoto umevimba.
• Omba tatizo liripotiwe kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Wahudumu hujaza fomu ya manjano kwa madhara ya dawa, na fomu ya waridi kwa dawa yenye shaka ya ubora.
• Endelea kukamua maziwa. Kadiri mtoto anavyoweza kupokea maziwa ya mama, hata kwa mpira, ndivyo dripu inavyopunguzwa.

Kuuliza si kumkosea mhudumu heshima. Mzazi anayesoma lebo ni jozi nyingine ya macho kando ya kitanda.