Pango, Zimwi na Mchoraji

Wanafunzi wenzangu, tukilisikia neno pango, mawazo hukimbilia zimwi wa ngano anayengoja watoto gizani. Nataka kuonyesha kwamba zimwi huyo hakutokea bure.

Ndani ya pango mtu haoni hata mkono wake, na sauti yake humrudia kama ya mtu mwingine. Macho yakishindwa, akili huanza kujaza. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba mungu wao Zeus alifichwa pangoni kisiwani Crete ili asimezwe na babake. Zimwi yule yule, tofauti ni kwamba huyu ni mzazi!

Lakini giza halikuzaa hofu tu. Katika pango la Altamira, Uhispania, mchoraji wa kale aliona uvimbe wa jiwe darini akaugeuza kuwa mwili wa nyati. Yaani jiwe lilitangulia, naye akalimalizia kwa rangi. Kwangu mimi huu ndio ushairi. Kule Lascaux, Ufaransa, vijana wanne, mkubwa wao akiwa na miaka 18, waliingia pangoni mwaka wa 1940 wakakuta kuta zimejaa farasi, kulungu na fahali, mmoja wao akipita mita 5. Wachoraji walimulikiwa na taa za mafuta ya wanyama, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Basi watu wakamiminika kutazama, na pumzi zao zikaanza kuziharibu picha. Pango likafungwa mwaka wa 1963, na tangu 1983 wageni huonyeshwa nakala.

Wako wanaosema ati fikira za namna hii zilianzia Ulaya. Hao waende Kilifi, Panga ya Saidi, maana yake Pango la Saidi (si panga la kukatia miwa). Mwaka wa 2021 wataalamu walitangaza kwamba humo alizikwa mtoto wa miaka kama 3, yapata miaka 78,000 iliyopita. Walimwita Mtoto. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, mwili umefunikwa, na kichwa kimewekewa kitu mfano wa mto. Nani humwekea maiti mto, kama hafikirii usingizi na safari?

Mto wenyewe ulioza zamani. Wataalamu waliutambua kwa jinsi kichwa kilivyoinama ulipokwisha.