Ndege Wasiojua Kukimbia



Somo: Ayubu 12:7-10. Ayubu anasema tuwaulize wanyama na ndege, watatufundisha. Basi leo twende darasani kwao, visiwa vya Galápagos, nchi ya Ekuador, karibu kilomita 1,000 kutoka bara. Ni visiwa vya volkano. Mimi sijafika huko, ila vimenivutia kwa sababu barua ya kwanza tuliyonayo kuvihusu iliandikwa na askofu.

1. Siku moja kisiwani Fernandina
Asubuhi mijusi wa baharini wamelaliana juu ya lava nyeusi, wanaota jua. Wakishapata joto wanazama kula mwani, kisha wanarudi na kupiga chafya kutoa chumvi puani. Pembeni kuna mnandi mwenye mabawa mafupi, hawezi kuruka, anapiga mbizi tu. Na pengwini wapo, hapo hapo jirani na Ikweta! Cha ajabu, hakuna anayekukimbia. Sheria ya hifadhi inakutaka wewe ndiye ukae mbali nao, mita 2.

2. Askofu baharini
Mwaka 1535 Askofu Tomás de Berlanga, Mdominiko, alikuwa safarini kutoka Panama kwenda Peru. Upepo ukakata, mkondo ukaisukuma meli hadi visiwani. Maji yakaisha, wakawa wanakamua mipungate wapate cha kunywa. Watu 2 walifariki. Dominika ya Mateso aliadhimisha Misa nchi kavu, akawatuma watu watafute tena, wakapata maji kati ya miamba. Katika barua yake kwa mfalme, aliwaona ndege wa kule kuwa wajinga, maana walikuwa hawajui kukimbia, mtu anawashika kwa mkono.

3. Ni ujinga kweli?
Mt. Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vya aina nyingi kwa kuwa kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wake. Kwa hiyo aina moja ikipotea, tumepoteza kitu kilichokuwa kinatuonyesha Mungu. Baada ya askofu walikuja maharamia na wawinda nyangumi. Walipakia kobe wakubwa melini wakiwa hai, kwa sababu kobe hukaa miezi mingi bila kula. Wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, aliyeitwa George Mpweke, alikufa 2012.

Kutotuogopa kwao ndiko kulikowaponza. Je, mjinga ni nani hapo? Anayeamini, au anayeitumia imani ya mwenzake kumwangamiza?

Sasa jiulize: nani hakuogopi wewe? Mdogo wako. Binti anayekupenda. Rafiki aliyekuambia siri yake. Hawa wamesogea karibu bila ngao yoyote. Utu wako unapimwa hapo, pale unapoweza kumuumiza mtu na hawezi kukukimbia.

Zoezi la wiki: mtaje mmoja wao mbele ya Ekaristi, kisha mtendee jambo moja la kumlinda.

Tusali: Ee Bwana, asijute yeyote aliyeniamini. Amina.