Kumfuatilia Mhenga Asiye Mashuhuri: Njia Mojawapo ya Kufundisha Historia Katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Darasa la Tano katika uwanda wa juu wa Ufipa aweza kuwataja Mirambo, Mkwawa na Kinjeketile bila kukwama. Lakini mwulize baba wa bibi yake alikuwa nani, alilima wapi na alikwenda wapi kutafuta fedha ya kodi: aghalabu atanyamaza. Si kwamba habari hizo hazipo. Zimo katika kumbukumbu za wazee wa nyumbani kwake, ila mwalimu hajamwambia kwamba hizo nazo ni historia. Mwanafunzi huyo hukua akidhani kuwa historia ni mambo ya watemi, majemadari na wageni, na kwamba watu wa kwao walikuwa watazamaji tu.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunataka kumwonyesha mwanachuo hatua za kufuata ili wanafunzi wake waweze kuchunguza maisha ya mhenga mmoja wa kawaida na kuyapatia tarehe. Pili, tunataka kumwonya juu ya kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya.

Kosa lililotufundisha

Miaka michache iliyopita tulikwenda Laela, katika barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma, kukagua mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja mwanachuo alifundisha mada ya ukoo. Alichora mti wa ukoo ubaoni kwa chaki za rangi, akaandika "babu", "baba" na "mimi", kisha akawaagiza wanafunzi wauchore katika madaftari na kujaza majina. Andalio la somo lilikuwa safi, zana zilitosha, na muda ulitunzwa. Sisi tuliketi nyuma ya darasa tukijaza fomu, tukampa alama za juu.

Kipindi kilipokwisha tulipita kati ya madawati. Katika daftari la msichana mmoja tuliona jina moja tu, lake mwenyewe. Msichana huyo alikuwa akilelewa na bibi mzaa mama, na baba yake hakumjua. Kwa dakika 40 alikuwa amekaa mbele ya nafasi mbili tupu, na sisi watu wazima wawili hatukumwona.

Jioni ile tulizungumza na mwanachuo yule. Ilitubidi tukiri kuwa kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake, maana mchoro ule aliupata kwetu chuoni. Mti wa ukoo humwuliza mtoto, "Una nani?" Uchunguzi wa historia humwuliza, "Mtu huyu aliishije, na tunajuaje?" Swali la kwanza huwaumbua baadhi ya watoto. Swali la pili kila mtoto aweza kulijibu, maadamu hakosi mzee wa kumwendea, awe wa ukoo wake au jirani.

Mafunzo kutoka mahali pengine

Kabla ya kueleza hatua, yafaa tutazame jinsi kazi hii inavyofanywa kwingine. Nchini Marekani sensa imefanywa kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na kuanzia sensa ya 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Hivyo mjukuu wa mkulima au fundi viatu wa kule aweza kurudi nyuma vizazi kadhaa kwa kusoma karatasi tu. Mjukuu wa mtumwa hawezi. Katika orodha za 1850 na 1860 watumwa walihesabiwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, kwa kawaida bila majina yao. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa wamekombolewa. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi mwaka huo ni kama ukuta.

Mwandishi Alex Haley alijaribu kuuvuka ukuta huo kwa kufuata masimulizi ya ukoo wake mpaka kijiji cha Juffure, Gambia. Kitabu chake, Roots, kilitoka mwaka 1976, kikasomwa na mamilioni. Baadaye wachunguzi walitilia shaka ushahidi wa mzee aliyemsimulia, kwa sababu watu wa huko walikuwa wamekwisha kujua ni habari gani mgeni anatafuta. Hili ni funzo kubwa kwa mwalimu. Swali linalobeba jibu lake ndani huzaa ushahidi usiotegemewa, hata kama anayejibu ni mtu mwaminifu.

Karibu nasi zaidi, huko Utengule katika nchi ya Mbeya ya leo, mmisionari wa Moravian aliyeitwa Elise Kootz-Kretschmer alisikiliza na kuandika maisha ya wanawake wa kawaida, miongoni mwao Narwimba, walioonja utumwa na vita vya karne ya 19 katika nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua masimulizi hayo katika kitabu. Wanawake hao hawakutawala popote. Lakini maisha yao yatufundisha juu ya nyakati zile mambo ambayo orodha ya watawala haiwezi kutufundisha.

Hatua za kufundisha

Hatua ya kwanza: kuchagua mtu mmoja. Mwanafunzi achague mtu mmoja tu aliyemtangulia, mwanamume au mwanamke, ambaye yupo mtu hai anayemkumbuka. Si lazima awe upande wa baba. Si lazima awe wa damu. Tuanze na anayejulikana, ndipo turudi nyuma hatua kwa hatua; tusirukie vizazi vya mbali.

Hatua ya pili: kutengeneza kalenda ya matukio. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe za kuzaliwa, lakini wanakumbuka matukio. Mwalimu na wanafunzi waandike kalenda hii katika karatasi kubwa na kuitundika ukutani. Kwa Ufipa ya kusini yaweza kuwa hivi:

1885 – Mapadri wa White Fathers wachukua kituo cha Karema.
1916 – Waingereza wateka Bismarckburg, yaani Kasanga.
1918 – Von Lettow-Vorbeck asalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo.
1922 – Dhahabu yagunduliwa Lupa, Chunya.
1930 hadi 1944 – Miaka ya nzige wekundu.
1939 hadi 1945 – Vita Kuu ya Pili.
1944 – SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, yaanzishwa.
1961 – Uhuru wa Tanganyika.
1973 hadi 1976 – Operesheni Vijiji.
1974 – Mkoa wa Rukwa waundwa.
1978 hadi 1979 – Vita vya Kagera.

Mzee akisema, "Nilikuwa nimekwisha kuolewa tulipohamishiwa kijijini," amekwisha kutupa tarehe.

Hatua ya tatu: mahojiano. Mwanafunzi aamkie kwanza, aeleze ametumwa na nani na kwa nini. Wakati mzuri ni jioni, baada ya mavuno, si msimu wa kupanda. Ikiwa mzee husema Kifipa kwa ufasaha zaidi kuliko Kiswahili, asimulie kwa Kifipa, na maneno yaandikwe kama alivyoyasema. Maswali yawe wazi. Tusiulize, "Je, alikwenda kukata mkonge Tanga?" Tuulize, "Alipokuwa kijana alikwenda wapi, na alirudi na nini?"

Majina nayo yahitaji uangalifu. Miongoni mwa Wamambwe na Wanamwanga walio jirani zetu, jina la ukoo huweza kuanza kwa Si- kwa mwanamume na Na- kwa mwanamke. Sikazwe na Nakazwe waweza kuwa kaka na dada. Mwanafunzi asiyejua jambo hili atadhani kuwa amepata koo mbili.

Hatua ya nne: kutafuta maandishi na vitu. Cheti cha ubatizo, risiti ya kodi, kipande cha kibarua, kadi ya chama na daftari la kliniki mara nyingi huhifadhiwa katika sanduku la bati. Vitabu vya ubatizo vya parokia huonyesha tarehe, wazazi na msimamizi. Mwalimu ndiye aombe ruhusa kwa paroko, si mtoto. Nje ya karatasi kuna mahame ya vijiji vya zamani, makaburi, na mabaki ya matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanafunzi akiambiwa kuwa mhenga wake alikuwa mfua chuma, na akaona mavi ya chuma yametapakaa mahali alipoelekezwa, basi ushahidi wa mdomo umepata shahidi wa pili.

Hatua ya tano: kulinganisha. Hapa ndipo hasa historia ilipo. Tutaieleza kwa mfano.

Mfano kutoka Laela

Wiki mbili baada ya kosa letu, mwanachuo yule alifundisha upya kwa njia hii. Msichana tuliyemtaja alimchagua baba wa bibi yake. Bibi alimwambia kuwa baba yake aliondoka "wakati wa nzige", akapanda gari la SILABU kwenda kwenye mkonge. Kaka yake bibi, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye, alikataa. Alisema, "Mimi nilikuwa nimekwisha kuzaliwa. Alinibeba mabegani mpaka mahali pa gari."

Darasa liligawanyika. Baadhi walisema bibi ana haki kwa kuwa ndiye mlezi wa mwenzao. Wengine walisema mwanamume mkubwa ndiye ajuaye. Mwanachuo hakutoa hukumu. Aliwapeleka kwenye kalenda. SILABU ilianza 1944, mwaka ambao miaka ya nzige ilikuwa inakwisha. Cheti cha ubatizo cha kaka yake bibi kilionyesha kuwa alizaliwa 1949. Ikiwa alibebwa mabegani, safari ile ya gari haikuweza kuwa kabla ya hapo. Bibi mwenyewe alizaliwa baada ya kaka yake. Basi habari za nzige alizisikia tu.

Je, bibi alidanganya? Msichana alirudi kumwuliza, safari hii kwa swali lililo wazi: "Babu alisafiri mara ngapi?" Bibi alifikiri, kisha akasema kwamba walisimuliwa pia juu ya safari ya miguu, alipokuwa kijana asiye na mke, kwenda kwenye dhahabu. Yawezekana basi kuwa zilikuwa safari mbili: moja ya miguu kwenda Lupa wakati wa nzige, nyingine ya gari kwenda kwenye mkonge baada ya 1949, na katika kumbukumbu ya bibi zikaungana kuwa moja. Katika sanduku la bati kulikuwa na kadi ya kazi ya siku 30, yenye siku zilizokatwa kwa kalamu. Kadi hiyo ilithibitisha kazi ya kibarua. Ya Lupa haikupata uthibitisho wowote.

Hatua ya sita ni kuandika, na msichana aliandika hivi, nasi twanukuu kwa idhini ya bibi yake: "Alikwenda kwenye mkonge baada ya mwaka 1949. Huenda alikwenda Lupa kabla ya hapo. Bibi amesikia hivyo, lakini hatujapata kitu cha kuonyesha." Neno "huenda" katika daftari la mtoto wa miaka 11 lilitufurahisha kuliko michoro yote ya rangi. Alikuwa ametenganisha analolijua na analolidhani. Na ukurasa wake, safari hii, ulikuwa umejaa.

Tahadhari

Kwanza, uchunguzi waweza kufukua mambo mazito: utumwa, mtoto asiyetambuliwa na baba, ugomvi wa mashamba, tuhuma za uchawi. Mwanafunzi asilazimishwe kusoma kazi yake mbele ya wenzake. Yaliyosemwa kwa siri yabaki kwa mzee.

Pili, mwalimu asiruhusu kazi hii igeuke mashindano ya koo au makabila. Laela leo wamo Wafipa, na wamo pia watu waliotoka kwingine. Safari ya mzee wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wake Rukwa ni historia sawasawa na ya yule ambaye wazee wake walikuwa raia wa Nkansi au Lyangalile.

Tatu, mwalimu asisahihishe masimulizi ya mzee kwa wino mwekundu. Penye tofauti, yaandikwe yote mawili, na sababu ya kuchagua moja ielezwe.

Zoezi kwa wanachuo

1. Mchague mhenga wako mmoja asiye mashuhuri. Andika kurasa mbili juu ya maisha yake, ukipiga mstari chini ya kila jambo lenye ushahidi mmoja tu.
2. Tengeneza kalenda ya matukio 10 ya tarafa unakotoka.
3. Andaa somo la vipindi vitatu kwa Darasa la Tano, bila kutumia mti wa ukoo.

Hitimisho

Wanaokumbuka gari la SILABU sasa ni wachache, na kila msimu wanapungua. Nyaraka za Taifa zaweza kutunza majalada ya serikali, lakini haziwezi kutunza alichokisema mzee ambaye hakuulizwa. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji fedha wala vifaa vya gharama ili kuianza kazi hii. Anahitaji daftari, kalenda ya ukutani, na uangalifu wa kutazama ni mtoto gani ambaye ukurasa wake bado ni mweupe.