Kiriba cha Hajiri na Chupa Zetu za Maji

Soma: Mwanzo 21:14-19

Wengi wetu tumehubiriwa kuhusu machozi ya Hajiri jangwani na jinsi Mungu alivyomfungua macho akaona kisima. Leo nataka tuangalie kile chombo alichobeba begani. Ibrahimu alimpa kiriba, yaani mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Maji yakaisha, mtoto akalazwa chini ya kijiti, lakini kiriba hakikutupwa. Kisima kilipoonekana, mama alijaza kiriba kile kile akamnywesha mwanawe.

Sasa sisi. Ibada ikiisha Jumapili, hebu angalia chini ya viti. Nyumbani kwangu tuko sita, na kila Jumapili tulikuwa tunanunua chupa sita za maji hapo nje, shilingi 50 kila moja. Hiyo ni 300 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 15,600. Nilipomwambia baba watoto nataka tununue chupa za chuma za shilingi 700, aliuliza swali la haki: hiyo 4,200 itatoka wapi na karo haijaisha? Nilimjibu kwa kalamu na karatasi. Jumapili 14 tu, pesa imerudi. Hata hivyo hatukununua zote mara moja; tulichukua mbili mbili kila mwisho wa mwezi, tukianza na watoto wadogo.

Lakini kilichonisukuma zaidi si pesa. Katika nyumba zetu chupa tupu ya plastiki haitupwi, inageuzwa. Leo ina maji, kesho ina mafuta ya taa, kesho kutwa dawa ya kuoshea choo, na zote zinafanana. Mtoto wa jirani yetu, miaka mitatu, alikunywa mafuta ya taa akidhani ni maji. Alilazwa hospitali, tukafunga na kuomba, na Mungu akamrudisha. (Ikitokea kwako, usimtapishe mtoto, kwa maana mafuta hayo yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali.) Tangu siku hiyo, kwetu maji ya kunywa yanakaa kwenye chuma, na hakuna kitu kingine kinachoingia humo.

Ukienda kununua, geuza chupa utazame chini. Ikiandikwa 304 au 18/8, hicho ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, ndiyo maana hakishiki kutu upesi. Za aluminiamu ni nyepesi, ila kwa kawaida hupakwa utando ndani. Utando ukianza kubambuka, achana nayo. Yenye kuta mbili hutunza baridi au joto lakini ni nzito, na bei yake iko juu. Mtoto mdogo anayetembea hadi shule atatosheka na ya ukuta mmoja. Na tusidanganyane, chupa ya chuma haisafishi maji! Sisi tunachemsha usiku, yanapoa, tunajaza asubuhi. Toa ile raba ya kifuniko uioshe pia, uchafu hupenda kujificha hapo. Usiloweke chupa kwa dawa ya klorini, itakula chuma.

Msichana wetu wa sekondari alikataa mwezi mzima. Ati chupa ya dukani ndiyo inaonyesha uko na pesa. Sikumlaumu sana, maana hata kanisani mgeni wa heshima ndiye anawekewa chupa mpya isiyofunguliwa. Kumheshimu mgeni ni vizuri, lakini kwa maoni yangu jagi na glasi safi ni heshima ya kutosha. Kule Kana ilitumika mitungi sita ya mawe iliyokuwa pale pale nyumbani (Yohana 2:6), na hakuna mgeni aliyelalamika.

Si maneno yangu yaliyomgeuza. Vijana walipanga ziara ya Nairobi National Park, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zinazolindwa na serikali. Saa kumi na moja alfajiri nikamsikia anambembeleza ndugu yake amwazime chupa. Jioni hakuirudisha. Huyo ndugu yake bado anaidai.